Marekani: Phil Katz, aliyewafungulia watu wote mafaili ya ZIP na kufa peke yake hotelini

Mwanafunzi wa Goma ama Bukavu anayetuma TFC yake kwa barua pepe, fundi anayeweka programu mpya katika simu ya Android, mfanyakazi wa biro anayepokea picha ishirini zikiwa zimefungwa ndani ya faili moja: wote hao wanatumia kila siku kazi ya mtu ambaye wengi wao hawajasikia hata jina lake. Alikuwa Mmarekani, Phillip Walter Katz, kwa kifupi Phil Katz. Alikufa mwezi Aprili 2000 katika chumba cha hoteli mjini Milwaukee, akiwa na umri wa miaka 37.

Herufi za kwanza za jina lake bado zimo ndani ya mafaili hayo. Anayetaka kuhakikisha achukue faili lolote la ZIP, au hata waraka wa Word wenye mwisho wa .docx, alifungue kwa programu ndogo ya kuandikia kama Notepad. Ataona vurugu ya alama zisizosomeka. Lakini mwanzoni kabisa atasoma herufi mbili bila shida: PK. Phil Katz.

Namna herufi hizo zilivyoingia humo ni habari ya kijana mwenye akili nyingi, ya kesi aliyoshindwa kwa namna fulani, na ya uamuzi mmoja ambao umewasaidia watu kuliko programu yoyote aliyoiuza.

Mtoto wa Milwaukee

Phil Katz alizaliwa tarehe 3 Novemba 1962. Milwaukee ni mji wa jimbo la Wisconsin, kandokando ya ziwa Michigan, mji uliojulikana kwa viwanda vya mashini na kwa viwanda vya bia. Phil alikuwa kijana wa kimya, asiyependa kujichanganya sana na wenzake. Jioni aliketi pamoja na baba yake, Walter, wakicheza sataranji na kuandika programu za mashini ndogo za kuhesabia. Mashini zile zilikuwa na nafasi ndogo sana ya kuwekea maagizo. Aliyetaka programu yake iingie alilazimika kuondoa kila hatua isiyo ya lazima. Phil alijifunza kazi hiyo ya kubana mapema, na kwa maisha yake yote hakuiacha.

Baba yake alifariki mwaka 1981, wakati Phil akiwa bado mwanafunzi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1984, alipata diploma yake ya sayansi ya kompyuta katika universite ya Wisconsin-Milwaukee. Akaajiriwa na kampuni ya Allen-Bradley, iliyotengeneza vifaa vya kuongoza mashini za viwandani, na mwaka 1986 akahamia kampuni ndogo ya programu, Graysoft, palepale mjini. Lakini kazi iliyomshika moyo aliifanya usiku, nyumbani.

Wakati wa modemu

Ili kuelewa usiku huo ulikuwa na nini, inafaa kukumbuka hali ya kompyuta katika miaka ya 1980. Intaneti haikuwa bado ya watu wote. Mtu aliyetaka kubadilishana programu na wengine aliipigia simu kompyuta ya mtu mwingine, kupitia kifaa kiitwacho modemu. Upande wa pili mara nyingi alikuwa mtu wa kawaida tu, aliyeacha kompyuta yake ikiwaka usiku na mchana, imeunganishwa na laini ya simu na kujazwa mafaili ya kuchukuliwa na wengine. Vituo hivyo viliitwa BBS, na Marekani ilikuwa na maelfu yake.

Shida ilikuwa mwendo. Modemu ya kawaida ilipitisha biti 1200 kwa sekunde, baadaye 2400. Disketi moja ya kilobaiti 360 ilichukua karibu dakika 50 kwa modemu ya biti 1200. Picha moja ya simu ya leo mara nyingi ni kubwa kuliko disketi hiyo mara kumi. Na aliyepiga simu kwenye mji wa mbali alilipia kila dakika. Mkaaji wa Kivu anayehesabu mega zake kabla ya kupakua kitu anaijua hali hiyo bila kufafanuliwa.

Ndiyo sababu programu ya kubana mafaili ilikuwa kitu cha lazima. Iliyotawala ni ARC, iliyotolewa mwaka 1985 na Thom Henderson wa kampuni ya SEA, katika jimbo la New Jersey. ARC ilifanya kazi mbili kwa mara moja: ilikusanya mafaili mengi kuwa kifurushi kimoja, na ilipunguza ukubwa wake. Henderson alikuwa ameyaacha wazi maandishi asili ya programu yake, ili wenye kompyuta za aina nyingine waweze kuihamishia huko. Ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka. Kuihamisha ni jambo moja; kutengeneza mshindani wake na kuuza ni jambo lingine.

Katz aliichukua ARC na kuona kwamba ni nzito. Aliandika upya sehemu zake kwa lugha ya asembli, ile iliyo karibu kabisa na maagizo ya mashini yenyewe. Kwanza alitoa PKXARC, ya kufungua vifurushi, kisha PKARC, ya kufunga. Tofauti ilionekana mara moja: kazi iliyowafanya watu wangoje iliisha upesi. Mwaka 1986 alianzisha kampuni, PKWARE, nyumbani kwao, kwa msaada wa mama yake Hildegard. Programu ilisambazwa kwa mtindo wa wakati ule: mtu aichukue bure, aijaribu, akiridhika atume pesa. Pesa zilikuja, na nyingi kuliko walivyotarajia, hata Katz akaacha kazi ya kuajiriwa.

Kesi ya mwaka 1988

Mwaka 1988 SEA ilimshitaki Katz mbele ya tribinali ya shirikisho mjini Milwaukee. Kampuni ya Henderson ilisema PKARC si kazi mpya, ni nakala. Mtaalamu wa pembeni aliyepewa kulinganisha maandishi ya programu hizo mbili alikuta sehemu zilizofanana neno kwa neno, mpaka maelezo ambayo mwandishi wa programu hujiandikia mwenyewe, mpaka makosa ya tahajia. Hapo ni vigumu kumtetea Katz. Mtu anaweza kwa bahati kufikia wazo moja na mwenzake, lakini hawezi kwa bahati kukosea neno lilelile mahali palepale.

Mwezi Agosti pande mbili zilisikilizana. Katz alikubali kulipa jumla ya dola 62.500, na kuacha kabisa programu zinazotumia mtindo wa ARC kufikia mwanzo wa mwaka uliofuata. Kisheria, SEA ilikuwa imeshinda.

Lakini katika vituo vya BBS mambo yalikwenda kinyume. Watumiaji wengi walikuwa wanaipenda PKARC kwa wepesi wake, na habari iliyoenea kati yao ni ya kampuni kubwa inayomwonea kijana anayefanya kazi nyumbani kwa mama yake. Haikuwa kweli. SEA nayo ilikuwa kampuni ya watu wachache tu, na Henderson alikuwa mtengenezaji wa programu kama Katz, aliyetetea jasho lake. Hata hivyo alitukanwa na kuachwa na wateja. Ni moja ya sehemu chungu za habari hii: aliyekuwa na haki mkononi ndiye aliyepoteza soko. Haki za ARC ziliuzwa baadaye kwa kampuni ya Kijapani.

Kuna lingine ambalo watumiaji walilihisi, na hapo hawakukosea. Kama mtindo wa kufunga mafaili ni mali ya kampuni moja, basi mafaili yote ya watu yako chini ya kampuni hiyo. Siku itakapofunga milango, au itakapopandisha bei, au itakapomshitaki mwenye programu nyingine ya kufungua, mwenye faili atabaki ameshika kifurushi asichoweza kukifungua, ingawa vilivyomo ndani ni vyake.

Februari 1989

Katz alikuwa na miezi michache tu ya kutafuta njia nyingine. Mwezi Februari 1989 alitoa PKZIP, pamoja na mwenzake PKUNZIP wa kufungua. Mtindo ulikuwa mpya. Jina la ZIP lilitoka kwa rafiki yake, Robert Mahoney, mwenye kituo cha BBS cha Exec-PC. Kwa Kiingereza linaleta wazo la kitu kinachopita kasi, na lilikuwa pia kijembe kwa ARC.

Pamoja na programu kulikuwa na faili dogo la maandishi, APPNOTE.TXT. Wengi waliochukua PKZIP pengine hawakulisoma. Ndani yake Katz alieleza, sehemu kwa sehemu, jinsi faili la ZIP linavyopangwa: alama ya mwanzo ni ipi, jina la faili linaandikwa wapi, ukubwa wapi, tarehe wapi. Tena ilitangazwa kwamba mtindo huo na mwisho wa .ZIP ni vya watu wote. Yeyote angeweza kutengeneza programu yake ya kufunga au kufungua ZIP, aiuze au aitoe bure, bila kuomba ruhusa na bila kulipa.

Programu yenyewe, PKZIP, ilibaki ya kulipiwa. Katz hakuwa mtakatifu. Mwaka 1991 alipata hata hataza ya mbinu yake moja ya kutafuta maneno yanayojirudia. Alichokitoa ni ufunguo, yaani ujuzi wa namna faili lilivyofungwa. Aliyekuwa ameburutwa tribinalini kwa sababu ya mtindo wa mtu mwingine alihakikisha kwamba hakuna atakayeburutwa kwa sababu ya mtindo wake. Kama alifanya hivyo kwa moyo mwema au kwa hesabu ya biashara, matokeo ni yaleyale.

Matokeo yenyewe yalikuja haraka. Wenye BBS waliketi kufungua vifurushi vyao vya ARC, kimoja kimoja, na kuvifunga upya kwa ZIP. Watu wa nchi mbalimbali waliungana kwa jina la Info-ZIP na kuandika programu za bure zilizofungua ZIP katika karibu kila aina ya kompyuta, hata zile ambazo PKWARE haikuzishughulikia.

Ndani ya kifurushi

Kubana faili si uchawi, wala hakuna kinachotupwa. Kazi ya Katz ilisimama juu ya mawazo mawili ya watu waliomtangulia. La kwanza ni la Abraham Lempel na Jacob Ziv, wataalamu wa Israeli, walioliandika mwaka 1977. Maandishi hujirudia. Katika habari inayotaja Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mara kumi na tano, hakuna haja ya kuandika maneno hayo yote mara kumi na tano. Yaandikwe mara ya kwanza, na kila yanaporudi iwekwe alama fupi inayosema: rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa. Anayefungua faili anafuata alama hizo na kupata maneno yote kama yalivyokuwa, bila kukosa hata nukta.

La pili ni la David Huffman, aliyeligundua akiwa mwanafunzi wa MIT na kulichapisha mwaka 1952. Kwa kawaida kompyuta huipa kila herufi nafasi sawa. Lakini herufi hazitumiki sawa. Kwa Kiswahili, herufi a inajaa kila mstari, wakati x na q hazionekani kabisa. Basi kilicho kingi kipewe alama fupi, kilicho adimu kipewe ndefu, na jumla yote itapungua.

Katz aliyaunganisha mawazo hayo kwa namna yake, inayoitwa Deflate, na kuitoa katika PKZIP ya pili, ambayo toleo lake la 2.04g la mwaka 1993 ndilo lililokaa zaidi kwenye kompyuta za watu. Kompyuta inakumbuka kilobaiti 32 za nyuma, inatafuta humo kile kinachojirudia, kisha inabana matokeo kwa njia ya Huffman. Ugumu ulikuwa kuitafuta nyuma hiyo yote bila kumchosha anayengoja, na hapo ndipo ufundi wa mtoto wa mashini za kuhesabia ulipoonekana.

Deflate ilikuja kwa wakati wake. Mwishoni mwa mwaka 1994 kampuni ya Unisys, yenye hataza ya njia nyingine ya kubana iliyotumika katika picha za GIF, ilianza kudai malipo. Watu walitafuta njia isiyo na mwenye kudai, wakaiona ya Katz. Mfaransa Jean-loup Gailly na Mmarekani Mark Adler walikuwa tayari wameiandika upya katika programu ya bure, gzip, na baadaye katika zlib. Picha za PNG zinabanwa kwa Deflate. Kurasa nyingi za mtandao zinabanwa kwa Deflate kabla ya kusafiri, kisha simu inazifungua bila msomaji kujua, na mega zake zinapona. Mwaka 1996 maelezo ya Deflate yaliandikwa rasmi kati ya kanuni za intaneti, yenye namba 1951.

Faili linapokataa kufunguka

Kuna mambo ya mpangilio wa Katz ambayo mtumiaji wa leo hukutana nayo bila kujua yametoka wapi.

La kwanza ni orodha. Katika faili la ZIP, orodha ya vyote vilivyomo imewekwa mwishoni, si mwanzoni. Kwa hiyo mtu anayepakua kifurushi, na connexion ikakatika kwenye asilimia 95, anapata faili lisilofunguka kabisa, ingawa karibu vyote vimefika. Kompyuta inamwambia faili limeharibika, naye anadhani ni virusi au ni mashini mbovu. Mara nyingi ni orodha tu ambayo haijafika. Dawa ya kwanza ni kulinganisha ukubwa wa faili lililofika na ule uliotangazwa, kisha kupakua upya. Lakini Katz alikuwa ameweka pia kibandiko kidogo mbele ya kila faili lililo ndani, nacho kinaanza kwa PK. Ndiyo maana hata kifurushi kilichokatika kinaweza kuokolewa sehemu. PKWARE ilitoa programu ya kazi hiyo, PKZIPFIX.

La pili ni jina. Jina la faili linaweza kudanganya. Faili linaweza kufika bila mwisho wowote, au likiwa na mwisho ambao kompyuta haiujui. Herufi za mwanzo kwa kawaida zinasema ukweli zaidi: PK ni ZIP au mtoto wa ZIP, Rar ni kazi ya Mrusi Eugene Roshal, 7z ni ya Mrusi mwingine, Igor Pavlov, aliyeanza kutoa programu yake ya bure 7-Zip mwaka 1999. Programu hiyo ya Pavlov inafungua karibu aina zote hizo, nayo hailipiwi. Tofauti kati ya ZIP na RAR inaonyesha uzito wa ule uamuzi wa mwaka 1989: njia ya kubana ya RAR imebaki mali ya mwenyewe, na Windows ilianza kufungua RAR bila programu ya pembeni mwaka 2023 tu, miaka 30 baada ya RAR kuzaliwa.

La tatu ni tahadhari. Mwaka 1995 faili lililojiita toleo la tatu la PKZIP lilizunguka katika vituo vya mtandao. Halikuwa la Katz. Lilikuwa mtego wa kufuta vilivyomo katika diski, na PKWARE ililazimika kuwaonya watu. Jina lake lilikuwa limefika mahali ambapo wahalifu waliona faida kujificha nyuma yake. Mpaka leo, kifurushi kilichotumwa na mtu asiyejulikana, chenye faili la .exe ndani, si cha kubofya kwa haraka.

Kuanguka

Wakati mtindo wake ulipokuwa unaenea, mwenyewe alikuwa anazama. PKWARE ilikuwa imekua, ikawa na wafanyakazi na biro, na Katz alikuwa ametajirika akiwa hajafikisha miaka thelathini. Uongozi haukuwa kazi yake. Alipenda kuandika programu usiku, peke yake, na mchana alizidi kukosekana. Alikosana na mama yake juu ya uongozi wa kampuni, na mama akaondoka katika kampuni waliyoianzisha pamoja.

Kampuni nayo ilichelewa. Watu walikuwa wanahamia Windows, ambako hakuna aliyetaka tena kuandika amri kwa mkono, na PKZIP ilikuwa bado programu ya amri. Nafasi hiyo ilichukuliwa na WinZip ya Nico Mak, iliyoanza mwaka 1991 kama dirisha tu la kuongozea PKZIP, kisha ikajitegemea kwa kutumia kazi ya bure ya Info-ZIP. Mshindani mkubwa wa Katz alikuwa amekua kwa kutumia mlango ambao Katz mwenyewe aliuacha wazi. PKWARE haikuwa na la kusema, kwa maana neno lilikuwa limetolewa mbele ya watu wote.

Ulevi ulimshika zaidi mwaka hadi mwaka. Alikamatwa mara kadhaa akiendesha gari amelewa, na hati za kumkamata zikamfuata. Mwaka 1997 majirani wa nyumba yake huko Mequon, kaskazini mwa Milwaukee, walilalamika juu ya harufu na wadudu, na wenye mamlaka walipoingia walikuta takataka zimejaa vyumbani. Mwenyewe hakuwamo. Alikuwa ameanza kuhamahama katika hoteli za bei nafuu, mtu mwenye mamilioni anayelala kila mara kitanda kingine. Wafanyakazi wa kampuni yake waliweza kupitisha muda mrefu bila kumwona. Marafiki walikuwa wachache tangu zamani, na hao wachache walipungua.

Tarehe 14 Aprili 2000 alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli upande wa kusini wa Milwaukee. Kando yake zilikuwa chupa tupu za pombe. Waganga walieleza kwamba kongosho lake lilivuja damu kutokana na ulevi wa miaka mingi. Gazeti la mji wake liliandika maisha yake kwa urefu mwezi uliofuata, na wengi waliokuwa wameandika pkunzip kwenye kompyuta zao mara elfu walijua siku hiyo tu kwamba P na K alikuwa mtu.

Mwaka 2001 PKWARE iliuzwa kwa wenyewe wapya. Iliendelea kutoa APPNOTE kila mtindo ulipoongezwa, bure kama zamani. Mwaka huohuo kipimo cha gigabaiti 4, ambacho Katz wa wakati wa disketi hakuwa na sababu ya kukiona kidogo, kilipanuliwa. Mwezi Oktoba 2001 Microsoft ilitoa Windows XP, iliyofungua ZIP yenyewe kama inavyofungua folda, na mamilioni ya watu wakaacha kutafuta programu ya kufungulia. Miaka michache baadaye waraka wa Word uligeuka kuwa kifurushi cha ZIP chenye jina jingine. Simu ya kwanza ya Android ilipotoka mwaka 2008, programu zake zilikuja katika mafaili ya APK, ambayo ndani yake ni ZIP.